Jina la Mtawala na Umri wa Dola: Buha na Urambo

Mwezi wa Novemba 1871 Henry Stanley alipita nchi ya Waha akielekea Ujiji, kwa kuwa njia iliyonyoka kutoka Tabora ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo. Huko Buha alitozwa hongo mara kwa mara, hata akaona heri kuondoka usiku kwa siri. Safari ile iligusa dola za namna mbili: ya Mirambo, mpya na ya kutisha, na za Waha, kongwe na, kwa macho ya mgeni, dhaifu. Iliyotangulia kufa ni ile ya kutisha.

Mirambo, mtemi wa Uyowa, jina lake la awali lilikuwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vita, nalo hufasiriwa kuwa maana yake ni maiti. Jina la namna hiyo ni gumu kurithiwa. Alipofariki Desemba 1884, Mpandashalo alirithi kiti, hakurithi hofu. Dola ikaanza kumeguka.

Katika Heru, upande wa Kasulu, na katika Muhambwe na Buyungu, upande wa Kibondo, mtawala aliitwa Mwami, neno lililomo pia katika Kirundi na Kinyarwanda. Juu ya cheo palikuwa na jina la kiti. Theresa, mwanamke aliyetawala Heru tangu miaka ya 1940, aliitwa Ntare wa Sita. Na ntare ni simba. Jina lilikuwapo likimngoja mtu. Tena Mwami, aliyekuwa wa ukoo wa Kitutsi, hakuimiliki ardhi peke yake: matambiko yake yalikuwa mikononi mwa muteko, mzee wa koo zilizotangulia kuikalia nchi. Wageni waliandika mno habari za ng'ombe, na habari za muteko wakazipunguza. Yaelekea walikosea kipimo.

China nayo ina mfano. Katika karne ya 4 na ya 5 dola tano za eneo la Gansu ziliitwa Liang; Liang ya Magharibi ilidumu tangu 400 hadi 421 tu. Koo zilibadilika, jina la nchi likapata mwenyewe mwingine.

Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Muhambwe limebaki kuwa jina la jimbo la uchaguzi, Buyungu nalo lilikuwa jina la jimbo kwa miaka mingi, na Heru Juu ingali Kasulu. Lakini Mirambo naye hakupotea kabisa: mi- iliondolewa, ikawekwa u- ya nchi, na Urambo ni wilaya ya Tabora hata leo.