Njia ya Ankara kutoka Mkuza hadi Hazina

Mwenye kiwanja Mkuza, kata ya Kibaha mjini, siku hizi anaweza kulipa kodi ya pango la ardhi akiwa amekaa kwenye daladala. Anaingiza tarakimu 12 za kontroo namba kwenye simu, anaona anayedai ni nani na anadai kiasi gani, anaweka namba ya siri, basi. Nimeamua kuifuata njia hiyo tangu mwanzo, kwa sababu historia yake haijaandikwa ipasavyo.

Mwanzo wake ni karatasi. Mlipaji alikwenda ofisi ya ardhi kukadiriwa, akapanga foleni benki, akarudi na hati yenye muhuri ili aandikiwe stakabadhi. Hati ikipotea, kazi ilianza upya. Waliotunza stakabadhi zile wanajua maandishi ya nakala ya kaboni yanavyofifia mpaka kiasi kilicholipwa hakisomeki.

Kompyuta zilipokuja hazikuiondoa tabu hiyo mara moja, maana kila ofisi ilikuwa na mfumo wake na kila benki wake. Mmoja unaanza tarehe kwa siku, mwingine kwa mwaka. Mmoja unamtambua mlipaji kwa jina, mwingine kwa namba. Taasisi 10 zikitaka kuungana na benki 10 moja kwa moja, yanahitajika maunganisho 100, na kila moja lina mkataba wake na mafundi wake.

Hapa njia inatutoa Kibaha. Tarehe 10 Februari 1998, W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kilipitisha XML. Ni utaratibu wa kuandika taarifa ambamo kila kitu kinawekwa kati ya vibandiko viwili, cha kufungua na cha kufunga, vyenye jina la kilichomo: hiki kiasi, hii tarehe, huyu mlipaji. Mashine inausoma, na mtu naye akiutazama anauelewa. Mwaka 2000 ikatangazwa SOAP toleo la 1.1, bahasha ya kusafirishia ujumbe wa XML. Mwaka 2001 ikafuata WSDL toleo la 1.1, maelezo ya huduma gani inapatikana na inaombwaje. Ndipo programu mbili zilizoandikwa kwa lugha tofauti, na watu wasiojuana, zikaweza kuulizana na kujibizana kwa urahisi zaidi.

Kwetu, Benki Kuu ilianzisha TISS, mfumo wa malipo baina ya benki, mwaka 2004. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ikaingia 2008, na mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam 2009. Vyombo vikawa tayari, lakini lugha ya pamoja ya kulipia serikali ikachelewa hadi 2017, Wizara ya Fedha ilipoanzisha GePG, lango la kielektroniki la malipo ya serikali.

Nakaa kidogo hapa, maana ndipo penye ufundi. Mfumo wa taasisi unaandika ankara kwa XML, unaitia saini ya kidijitali na kuituma GePG. GePG inakiri kuipokea, kisha inarudisha kontroo namba. Ukiiingiza kwenye simu, mtandao wako unaiuliza GePG: namba hii ni ya nani? Jibu ndilo hilo jina unaloliona kabla ya kulipa. Ukishalipa, taarifa inarudi GePG, na GePG inaijulisha taasisi. Wabunifu wake hawakutumia bahasha ya SOAP. Walituma XML tupu. Naona walifanya vyema, kwani kadiri masharti yanavyopungua, ndivyo taasisi ndogo inavyojiunga kwa urahisi. Na yale maunganisho 100 yamebaki 20, kila upande ukiungana na GePG peke yake.

Mamlaka ya Mapato (TRA) nayo ilichukua njia hiyohiyo: programu ya duka inayotoa risiti bila EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, hutuma risiti hiyo kwa XML yenye saini. Leo waandaaji wengi wa programu wanapendelea JSON, utaratibu mwingine wa kuandika taarifa ulio mwepesi zaidi, na huenda vibandiko vile vya XML vikaondoka kimyakimya.

Ndiyo maana nawaomba Wizara ya Fedha na Mamlaka ya Serikali Mtandao: andikeni historia ya kazi hii kwa Kiswahili, pamoja na rasimu za awali na mabishano yaliyozaa maamuzi yake, wakati waliojenga bado wapo na wanaweza kuulizwa.