Marafiki wawili na utepe wa redio

Bendi za dansi za Dar es Salaam zilijiita "jazz" tangu enzi za ukoloni. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, lakini muziki uliokuja kutawala kumbi za mji huo ulikuwa na asili ya Cuba zaidi kuliko ya Marekani. Chanzo kikubwa ni santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933 na kuleta rumba na son za Cuba hadi majumbani mwa watu wa Afrika Mashariki. Vijana wa Kariakoo na Ilala walizisikiliza, wakaziiga, kisha wakazitilia Kiswahili na ngoma za kwao.

Bendi za awali zilikuwa vilabu. Wanachama walichanga, na ala zikawa mali yao. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1964, chama cha wafanyakazi NUTA kilipounda bendi yake na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Miongoni mwao alikuwa Muhiddin Maalim Gurumo, kijana wa Kisarawe aliyezaliwa mwaka 1940. Ajira ilileta utulivu, ila ilikuwa na gharama yake: magitaa, trumpeti na vipaza sauti vyote vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na koo lake, na mwenzake aliyemzoea kama alikuwa naye.

Gurumo alikuwa naye. Hassan Rehani Bitchuka alijiunga na NUTA Jazz katika miaka ya 1970, na sauti zao zikaoana upesi: ya Gurumo nzito na yenye mamlaka, ya Bitchuka nyembamba, inayopanda bila kukaza. Mwaka 1978 wote wawili walikuwa katika Mlimani Park Orchestra, bendi changa iliyomilikiwa na shirika la teksi na usafirishaji, ambapo Michael Enoch, mkongwe wa Dar es Salaam Jazz, alisimamia muziki. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa nyumbani kwa Sikinde, kama Mlimani Park ilivyojulikana.

Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo bendi zilitegemea studio ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Mashairi yalikaguliwa kwanza. Baada ya hapo bendi nzima iliingia studio ikapiga kwa pamoja, waimbaji na wapiga ala kwa wakati mmoja, mbele ya vipaza sauti vichache. Wimbo ulianza taratibu, kisa kikasimuliwa hadi mwisho, kisha magitaa na pembe zikaingia kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea dansi. Aliyekosea katikati ya chemko aliwarudisha wenzake wote mwanzo.

Kwa nini basi kanda hizo bado zinasikika mbichi, kama vile ukumbi umejaa? Jibu la kwanza ni uhaba: mitambo haikuruhusu kurekodi sauti moja moja na kuziunganisha baadaye. Ni kweli, ila halitoshi, maana uhaba huo huo ungeweza kuzaa kanda mbovu. Jibu la pili lina uzito zaidi kwangu. Wimbo ulikuwa umeshachezwa mbele ya wachezaji dansi kabla ya kufika redioni, na Gurumo na Bitchuka walikuwa wameshaimba bega kwa bega miaka kadhaa. Kila mmoja alijua mwenzake anapumua wapi. Sikiliza mahali wanapopokezana: hakuna pengo.

Mwaka 1985 Gurumo aliondoka Sikinde kwenda Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, na mwaka 1990 akarejea katika bendi yake ya zamani, ile iliyoanza kama NUTA Jazz, ambayo sasa tunaiita Msondo Ngoma. Bitchuka naye alizunguka kati ya Msondo na Sikinde.

Malipo ni habari nyingine. Redio iliwapa umaarufu kuliko fedha, na sheria ya hakimiliki iliyozaa COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, ilipitishwa mwaka 1999, nyimbo zao nyingi zikiwa tayari ni zilipendwa. Gurumo alistaafu mwaka 2013, miezi michache kabla ya kifo chake Aprili 2014. Hakuwa na gari. Alilopata alizawadiwa na Diamond Platnumz, msanii ambaye hakuwa hata amezaliwa wakati Sikinde inaanza.