Nani Atajenga Daraja? Habari za Ununuzi kwa Fedha ya Wote

Mara nyingi watu huuliza: kodi yetu yaenda wapi? Swali hili ni jema, lakini lina ndugu yake asiyeulizwa sana: kodi ikiisha kukusanywa, yanunua nini, kwa nani, na kwa bei gani? Mwizi avunjaye sanduku huonekana upesi. Lakini mfuko mmoja wa saruji ulionunuliwa kwa bei ya mifuko miwili hauachi mlango uliovunjika. Karatasi ni safi, mihuri ipo, na fedha imekwisha toka. Kwa hiyo yafaa tujue desturi ya ununuzi wa serikali ilianzaje katika nchi yetu, na imefika wapi.

I. Siku za kale

Wazee wetu hapa Marungu hawakuandika mikataba. Njia ikiharibika, mfalme wa kijiji aliita watu, wakalima pamoja, wakala na kunywa pamoja. Kila mtu aliona kwa macho kazi na malipo yake. Mwaka 1883 Bwana Emile Storms alijenga kituo pale Mpala kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kikatiwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Na mwaka 1887 akaja Kapteni Leopold Joubert kuwasaidia. Wakati ule nguo na shanga zilitumika kama fedha. Mnunuzi na mwuzaji walisimama uso kwa uso, wakapima nguo kwa mikono.

Serikali ya Bula Matari ilileta jambo jingine, maana sasa mkataba uliandikwa mbali sana na watu uliowahusu. Mwaka 1902 Dola Huru ya Kongo ilipatana na kampuni ya Baron Empain, iliyoitwa CFL, ijenge reli. Kampuni iliahidiwa ardhi kubwa mno, na riba ya asilimia 4 kwa fedha yake, kazi ipate faida au isipate. Reli ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Hatusemi ya kwamba reli haikufaa, imefaa sana. Lakini twaona fundisho: mjenzi aliyekwisha hakikishiwa faida hana sababu kubwa ya kupunguza gharama, na mwenye ardhi asiyeitwa barazani hupata habari ya mapatano baada ya kutiwa sahihi.

Baadaye, kwa amri ya tarehe 5 Desemba 1933, Wabelgiji walizipanga sheferi na sekta, kila moja na hazina yake. Hapo ndipo utawala mdogo ulipoanza kuwa mnunuzi: bati za zahanati, mbao za daraja, mshahara wa watengeneza barabara. Lakini hazina ile iliangaliwa na bwana mtawala wa Kizungu, wala mlipa kodi hakuulizwa.

II. Sheria mbili

Baada ya uhuru wa 1960 nchi ilihitaji sheria yake. Ikatoka tarehe 5 Desemba 1969, na ilidumu zaidi ya miaka 40. Lakini sheria ni kama mbegu, yataka udongo. Mwaka 1973 maduka na mashamba mengi ya wageni yalitwaliwa na kugawiwa watu wa nchi, na wengi waliopewa hawakujua biashara. Maduka mengi yakabaki rafu tupu. Je, serikali ndogo italinganishaje bei za wauzaji watatu, ikiwa mmoja tu ana misumari?

Kisha fedha yenyewe ikaoza. Mwezi wa Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa zaire za zamani 3,000,000, na mwaka uliofuata bei zilizidi kupaa. Fikiri fundi aliyepatana kujenga darasa: siku ya mapatano fedha yatosha darasa, siku ya kulipwa haitoshi mlango. Mtu wa haki hukimbia kazi ya namna hiyo. Anayebaki ni yule aliyekwisha ongeza bei mara tatu, au yule anayejua mlango wa nyuma wa kulipwa kwanza. Basi, ucheleweshaji wa malipo si kosa dogo la ofisi. Wafukuza waaminifu na kuwaita wajanja.

Sheria ya pili ilitolewa tarehe 27 Aprili 2010. Kanuni yake ni nyepesi kueleza. Utawala ukitaka kununua, utangaze. Kila mwuzaji anayeweza alete bei yake ndani ya bahasha iliyofungwa. Bahasha zote zifunguliwe siku moja mbele ya watu. Wachaguzi wapime kwa masharti yale yale yaliyotangazwa. Na aliyeshindwa aweze kulalamika. Kumpa mtu kazi bila kushindanisha kunaruhusiwa kwa nadra tu, kwa mfano katika haja ya haraka sana. Tena ni marufuku kukata kazi moja vipande vipande ili kila kipande kionekane kidogo na kukwepa zabuni. Na kazi tatu zimetengwa: mmoja hununua, mwingine hukagua, na wa tatu, ofisi iitwayo ARMP, huchunga kanuni na kusikiliza malalamiko.

III. Shida ya miji midogo

Sheria ya mwaka 2008 ilikwisha vipa miji, komini, sekta na sheferi uwezo wa kuwa na mali na bajeti yao. Katika jimbo letu la Tanganyika, lililozaliwa 2015, mji wa Kalemie una komini 3: Kalemie, Lukuga na Lac. Lakini zipo shida tatu.

Ya kwanza ni fedha. Katiba ya 2006 yasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yatokayo kwao, na sheria ile ya 2008 yasema tawala ndogo zipate asilimia 40 ya fungu hilo. Lakini kwa miaka mingi fungu hilo halikufika kamili. Komini isiyojua itapata nini haiwezi kupanga, na asiyepanga hununua kwa haraka, na haraka ndiyo kisingizio cha kutoshindanisha.

Ya pili ni umbali. Huku Pepa, mzigo unaotoka ziwani hupanda milima, na katika masika lori hukwama. Wauzaji ni wachache, na wanajuana. Wakipatana usiku, bahasha tatu za asubuhi zina mwandiko wa mtu mmoja.

Ya tatu ni macho. Diwani ndiye jicho la watu juu ya bajeti. Lakini tangu sheria ile ya 2008 hapakuwa na uchaguzi wa madiwani hata Desemba 2023, na wakati huo pia ni komini chache tu zilizopiga kura. Burugumestri aliyeteuliwa kutoka juu hutazama juu.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilianza mwaka 2023 kutumia mtambo wa NeST, ambamo zabuni za serikali hutangazwa na kupokelewa kwa kompyuta. Huko Kenya sheria ya 2015 imewatengea vijana, wanawake na walemavu asilimia 30 ya ununuzi. Hakuna nchi iliyokwisha ponya ugonjwa huu, ila twaona ya kwamba dawa yatafutwa.

IV. Wajibu wetu

Maandiko Matakatifu yanajua habari hizi. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme twasoma jinsi fedha ya kutengeneza Hekalu ilivyopotea bila kazi kuonekana, hata mfalme Yoashi alipowaonya makuhani, na kuhani akaweka sanduku lenye tundu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, na mafundi wakalipwa. Naye Mtume Paulo, alipokusanya sadaka kwa maskini wa Yerusalemu, hakuridhika kuwa mwaminifu mbele ya Mungu peke yake. Alitaka wenzake wafuatane na fedha ile, watu nao waone.

Basi, tusiseme ununuzi ni kazi ya wakubwa. Tangazo la zabuni likibandikwa, anayejua kusoma awasomee wengine. Siku ya kufungua bahasha, wazee na vijana waende wakae kimya na kusikiliza bei. Fundi anayekidhi masharti alete bahasha yake, asikate tamaa kabla ya kujaribu. Mwuzaji Mkristo akumbuke: rushwa anayoitoa ili apate kazi ataifidia kwa kupunguza saruji, na daraja lisilo na saruji halitamchagua wa kumwangusha, huenda ni mama mjamzito anayekwenda zahanati.

Na karani mwaminifu, anayekataa kutia sahihi karatasi ya uongo, tusimwache peke yake. Tumheshimu na kumwombea, maana analinda mali ya maskini.