Kutoka Vuga hadi Bara: Safari ya Sinema

Zamani msafara wa pwani ukifika Unyanyembe, eneo la Tabora, kule Itetemia na Kwihara, watu walijua umeleta nini: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ikaacha mabega ya wapagazi ikapanda mabehewa. Baadaye yakaja na makopo ya bati yenye mikanda ya filamu, mingine imevuka bahari kutoka Bombay.

Pwani ndiko mambo yalikoanzia. Zanzibar, Hassanali Adamali Jariwalla alionyesha picha hemani kabla ya kufungua jumba la Royal, Vuga, mwaka 1921. Ramani yake ilichorwa na John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyechora pia jengo la Beit el Amani. Jumba hilo, lililokuja kuitwa Majestic, liliungua miaka ya 1950. Mwaka 1955 likasimama jipya, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania. Filamu ya Raj Kapoor, Awaara, ilipopata wapenzi wake, nakala moja ililazimika kuhudumia majumba mawili usiku huohuo: kijana wa baiskeli alikimbiza mikanda kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Pancha moja tu, na ukumbi mzima unapiga miluzi gizani. (Kwa maoni yangu, huyo ndiye aliyekuwa stelingi.)

Husemwa kwamba televisheni ndiyo iliyoua sinema. Kwa Zanzibar hoja hiyo ina mashiko, kwani televisheni ya rangi ilifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara haikuwapo hadi 1994, na bado majumba yalichakaa mapema. Tatizo lilikuwa mzigo wenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoundwa 1968, ilishika uagizaji wa filamu, kisha miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika. Mikanda ileile ikazungushwa hadi ikachanika, vipuri vya mashine havikupatikana.

Hapo kanda za video zikapata mwanya. Mabanda ya mbao na mabati yalihitaji deki, televisheni na mabenchi tu. Kisha msimulizi aliyejulikana kwa jina la Lufufu akaanza kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na mtu asiyejua neno la Kichina akacheka palepale anapocheka mhusika. Majumba makubwa, pamoja na viti vyao vya orofani, hayakuwahi kumpa mtazamaji wao huduma hiyo.