Karanga za Kongwa

Mwezi wa Machi 1946, wakati Waingereza, ijapokuwa vita walikwisha vishinda, walikuwa wakigawiwa mafuta ya kula kwa vipimo, Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, aliipelekea serikali yao shauri la kufyeka nyika za Tanganyika na kuzipanda karanga. Haifai kusema kwamba shauri lile lilikubaliwa pasipo uchunguzi. Tume ya watu watatu, chini ya John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo wa Tanganyika, ilikuja ikazunguka majuma tisa hivi, aghalabu kwa ndege, ikarejea na taarifa iliyotaka ekari 3,210,000 zilimwe katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ila mmoja katika hao watatu alikuwa mtumishi wa kampuni ile ile yenye shauri, na kadhi aketiye kuamua daawa ya tajiri wake, hata akiwa mwadilifu, hukumu yake haikosi kutiliwa shaka.

Tena mvua ya nchi haijulikani kwa majuma tisa. Kongwa, ilikoanzia kazi hiyo, imo Ugogo, na Wagogo, ambao tangu jadi walishika ng'ombe, uwele na mtama kwa kuwa waliujua vema ukame wa kwao, walikuwa na maarifa ambayo tume haikuyapa uzito, wala hapakuwapo daftari za mvua za miaka mingi za kuyafidia. Udongo nao ulikuwa na hila yake: ulipokuwa na maji ulilimika, lakini masika yakipita ulishupaa hata karanga zilizokwisha komaa zisichimbuke. Mibuyu na vichaka vyenye mizizi migumu viliyavunja matrekta, ambayo mengi yalikuwa makuukuu ya ghala za vita. Hata vifaru viligeuzwa kuwa vyombo vya kufyekea. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000, zikapandwa kama 7,500. Wakajaribu alizeti, nayo ikanyauka. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakiri kushindwa, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi, na pale palipofyekwa, upepo wa kiangazi ulikuwa ukiuchukua udongo. Baadaye Kongwa ikafanywa ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo wenyeji wangaliishauri bure.

Miaka mingi ilipita kabla nchi hii, ambayo sasa ni Tanzania, haijaandika katika sheria jambo lililokosekana siku zile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaamrisha kwamba sera, mipango na miswada iwezayo kuathiri mazingira ifanyiwe tathmini ya kimkakati ingali inatungwa, wala si baada ya mabuldoza kukwisha shushwa bandarini. Ni amri njema. Hata hivyo wizara yenye sera ndiyo inayotakiwa kuiandaa tathmini hiyo, na msomaji aijuaye habari ya Wakefield na wenziwe hataacha kuanza na majina ya waandishi na waajiri wao, kabla ya kuifikia hesabu ya ekari.