Kariakoo na Chumba cha Mbele

Ukisimama leo kwenye Mtaa wa Congo, shingo itakuuma kabla miguu haijachoka. Chini fremu za maduka, ghorofa ya kwanza fremu, ya pili fremu, kisha stoo, kisha mafundi cherehani, kisha gesti au vyumba vya kupanga, na juu kabisa matangi ya maji na kanga zilizoanikwa. Wataalamu wa mipango miji huyaita haya majengo ya matumizi mchanganyiko, na huyazungumzia kana kwamba yaliingia nchini pamoja na lifti. Kariakoo haikungoja lifti. Ilikuwa na mchanganyiko huo tangu nyumba zake ni za miti na udongo.

Ardhi yenyewe ilikuwa shamba. Sultan Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, nyuma ya bandari kulikuwa na mashamba. Wajerumani waliufanya mji kuwa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakatunga kanuni za ujenzi zilizougawa kwa aina ya nyumba: majengo ya Kizungu upande wa bahari, maduka ya mawe ya Wahindi katikati, nyumba za Waafrika nyuma. Aina ya nyumba ilikuwa namna ya adabu ya kutaja rangi ya mtu. Shamba lililokuwa mikononi mwa Mjerumani mmoja, Schoeller, serikali ililinunua miaka ya karibu na Vita Kuu ya Kwanza, ikachora humo mitaa iliyonyooka inayokatana kama mistari ya daftari la hesabu. Mistari hiyo ndiyo tunayoipita hadi leo tukigombania njia na bodaboda.

Wachoraji hawakupata muda wa kuikalia kazi yao. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na kwenye viwanja hivyo vitupu wakapiga kambi wapagazi wa Carrier Corps. Ulimi wa mji ukalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nako likawa Kariokor. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki nzima, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Anayekwenda kununua vitenge hajui kwamba anataja jeshi la wabeba mizigo, ingawa makuli bado wanapishana naye, marobota mgongoni, wakipiga kelele apishe njia. Banda kubwa waliloliacha Wajerumani likafunguliwa kuwa soko mwaka 1923, na mji wa Waafrika ukaanza kujijenga kulizunguka.

Nyumba iliyoota kwenye viwanja vile kila mkaazi wa Pwani anaijua: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi mrefu katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, nje baraza, nyuma jiko, choo na pengine vyumba vingine viwili vitatu vya kupangisha. Tumezoea kuitazama kama nyumba ya familia. Ilikuwa pia kitega uchumi, na hesabu yake ilikuwa safi. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akavipangisha kimoja kimoja kwa mwezi. Chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama mtaa, ndicho kilichokuwa na bei. Dirisha likipanuliwa kinakuwa duka la sukari, mafuta ya taa na sabuni ya vipande. Barazani fundi anaweka cherehani, mama anakaanga vitumbua asubuhi, na jioni wazee wanacheza bao palepale. Mpangaji akishindwa kodi mwezi huu, duka la mbele limeingiza. Duka likilala, vyumba vya uani vinalipa. Nyumba nyingi za namna hii zilikuwa mali ya wanawake, waliozijenga kwa akiba ya biashara ndogondogo au kuzirithi, na kodi ya vyumba ikawa ndiyo pensheni yao.

Serikali ya kikoloni iliiona nyumba hii kama tatizo la afya. Iliacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uwe ukanda wa kuitenga Kariakoo na Uhindini, eti kuzuia maradhi yasivuke. Watu walivuka kila siku. Wahindi wenye maduka wakahamia ndani ya Kariakoo kuwafuata wateja, na siasa nayo ikakaa humo humo kwenye vyumba na mabaraza. Julai 7, 1954, chama cha TANU kilizaliwa katika nyumba ya Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, ndiye aliyekuwa mkuu wa soko la Kariakoo, kazi iliyomkutanisha na kila aina ya mtu kabla jua halijachomoza.

Mwaka 1971 serikali huru ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Katikati ya mji, ghorofa nyingi za Wahindi zilibadili mwenyewe kwa siku moja. Kariakoo ilipitwa kwa sehemu kubwa, kwa sababu nyumba ya udongo na bati haikufika kiwango hicho. Umaskini wa ukuta ukawa kinga ya hati. Nadhani hapa ndipo siri ya Kariakoo ya sasa ilipo, na sioni ikitajwa vya kutosha: upepo wa biashara ulipogeuka, viwanja vya thamani kubwa kuliko vyote mjini vilikuwa bado vya akina bibi na wajukuu wao, si vya shirika.

Lakini kabla upepo huo haujageuka, dola ilifanya jambo moja zuri sana hapo. Banda la Wajerumani lilibomolewa, na msanifu Beda Amuli akachora soko jipya, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa: maji ya mvua yanakusanyika katikati ya kila mwavuli na kuteremka kupitia nguzo, huku hewa ikipita kati ya mwavuli na mwavuli. Sehemu ya jumla ikawekwa chini ya ardhi, rejareja juu. Amuli alielewa kwamba soko ni kivuli kwanza na jengo baadaye.

Miaka ya mwanzo ya themanini haikuwa na cha kuuza. Rafu zilikuwa tupu, mwaka 1983 wakasakwa walanguzi, mwaka uliofuata wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwishoni mwa 1985, watu wakampa jina la Mzee Ruksa, na Kariakoo ikawa mlango wa ruksa hiyo. Mitumba, redio, viatu, vyombo vya plastiki; kwanza kutoka Dubai, baadaye kutoka Guangzhou. Wanunuzi wakaanza kuja na mabasi kutoka Zambia, Malawi na Lubumbashi. Chumba cha mbele kikaingiza zaidi ya vyumba vingine vitano vikijumlishwa. Mwenye nyumba akamhamisha mpangaji wa pili, wa tatu, na mwisho akajihamisha yeye mwenyewe, akaenda Mbagala au Tabata na kurudi tarehe za kodi.

Hapo ndipo wajenzi walipobisha hodi. Familia yenye kiwanja haikuwa na fedha ya zege, na mfanyabiashara mwenye fedha hakuwa na kiwanja. Wakaingia ubia: mmoja analeta ardhi, mwingine anajenga, kisha wanagawana ghorofa, au mjenzi anakula kodi kwa miaka kadhaa kabla ya kumrudishia mwenyewe. Fedha ya kujengea mara nyingi haikutoka benki hata kidogo. Ilitoka kwa wapangaji wenyewe, waliotoa kilemba na kodi ya miaka mbele kwa fremu ambayo bado ni mchanga na kokoto. Soko lilijikopesha kwa soko. Sheria ya mwaka 2008, iliyomwezesha mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, iliikuta tabia hii imeshaota mvi.

Ubia huo umetajirisha familia nyingi na kuzipeleka nyingine mahakamani. Nyumba ya babu ina warithi kumi na wanane, kumi wametia saini, wanane wamesikia habari siku tingatinga lilipofika. Siwalaumu wala siwatetei; ukiingia kwenye mirathi ya kiwanja cha Kariakoo, hata shangazi asiyejulikana hupata nauli ya kuja mjini.

Anayetaka kujua biashara ya Kariakoo inasimama juu ya nini, aende Machinga Complex, upande wa Ilala. Jengo lilijengwa kwa mkopo, likatengewa maelfu ya wachuuzi, na kwa miaka mingi vizimba vyake vilikaa vitupu. Machinga walikataa kwa sababu ya kawaida kabisa: hapakuwa na mtu anayepita. Mteja wa Kariakoo hatoki nyumbani akijua anachokitaka. Anakipata njiani, akiwa ameshikwa mkono na winga anayetafutia maduka wateja, akienda kutafuta kitu kingine. Nyumba ya vyumba sita ililijua hilo. Baraza lake lilikuwa ndani ya mtaa.

Fremu zilipokwisha chini, biashara ilipanda juu, na iliposhindwa kupanda zaidi ikaanza kuchimba. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa kwenye eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo liliporomoka asubuhi, likaua watu zaidi ya 25. Wafanyabiashara walisema sehemu ya chini ilikuwa ikichimbwa kuongeza nafasi. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo zima. Miaka mitatu kabla yake, Julai 10, 2021, soko la Amuli lilikuwa limeungua, na shilingi bilioni 28.03 zikatengwa kulikarabati na kujenga jingine la ghorofa pembeni yake.

Usiku, maduka yakifungwa, utashangaa jinsi taa zilivyo chache madirishani huko juu. Stoo hazilali watu. Vyumba vya kuishi bado vipo, lakini watoto wa kucheza mpira mtaani hawapo, na misikiti iliyokuwa ya majirani siku hizi hujaa adhuhuri kuliko alfajiri.

Bado zimebaki nyumba chache za zamani, zimebanwa katikati ya maghorofa. Bati limekula kutu, ukumbi mwembamba umejaa maboksi ya viatu, vyumba viwili vya mbele ni fremu zenye milango ya kukunja. Baadhi zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kama zinavyoandikwa mji mzima pale ndugu wanapoogopana au matapeli wanapozunguka: NYUMBA HII HAIUZWI. Mchuuzi wa mabegi amegongomea misumari palepale, na bidhaa zake zikitundikwa kila asubuhi, yanayobaki kusomeka ni maneno mawili ya kwanza.