Mzizimo wa ndege mvumaji

Katikati ya Februari 2021 baridi ya kutisha iliishukia Texas. Tarehe 16, kipimajoto kilisoma nyuzi 19 chini ya sifuri huko Dallas–Fort Worth na karibu 11 chini ya sifuri Houston, umeme ukiwa umekatika kwenye mamilioni ya nyumba. Mvumaji wa rangi ya kutu, ndege wa gramu tatu au nne anayekuja kukaa pwani ya Houston wakati wa baridi, alikuwa nje muda wote huo.

Afrika haina ndege mvumaji. Tuliye naye ni chozi, ambaye hunyonya maua vilevile lakini si ndugu yake. Mwenzetu aliyehamia Houston au Fort Worth humwona mvumaji kwenye chupa ya maji ya sukari iliyotundikwa barazani, na asubuhi ya baridi anaweza kumkuta katika hali ya kushtua: manyoya yametutumka, macho yamefumba, mdomo umeelekea juu, ukimgusa hatikisiki. Wakati mwingine ananing'inia kichwa chini, vidole vimeng'ang'ania chupa. Wengi hudhani amekufa.

Hali hiyo wanabiolojia huiita torpor, neno la Kilatini. Sisi tuiite nini? Usingizi mzito haufai, kwa kuwa aliyelala fofofo bado ana joto lake. Ganzi ni ya mguu uliokaliwa. Bumbuwazi ni la mtu aliyepigwa na mshangao. Napendekeza mzizimo, kutokana na kuzizima. Maji ya mtungi huzizima, yaani huwa baridi sana. Na mahali palipotulia tuli husemwa pamezizima. Baridi na utulivu vimo ndani ya kitenzi kimoja, na ndivyo hasa vinavyompata ndege huyu. Mchana joto lake ni karibu nyuzi 40. Akizizima, hushuka kuelekea joto la hewa iliyomzunguka. Moyo unaopiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika akiwa hewani unaweza kubaki na mapigo kama 50. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba spishi moja ya milima ya Andes, nchini Peru, ilipimwa ikiwa na nyuzi 3 na ushei tu.

Sababu ni udogo wake. Kiwiliwili kidogo hupoteza joto haraka, na usiku hakuna ua la kunyonya; asipopunguza matumizi, akiba itamwishia kabla ya alfajiri.

Ila asije mtu akasema basi tuiite kuzirai. Anayezirai amezidiwa, na mvumaji huyu anafuata hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mvumaji wa koo jekundu ulionyesha kwamba msimu wa kuzaa huzizima pale tu mafuta ya mwili yanapobaki kama asilimia 5 ya uzito wake. Msimu wa kuhama ukikaribia, huzizima hata akiwa amenenepa, ili mafuta yale yabaki kwa ajili ya safari. Na safari yenyewe si mchezo: wengine huvuka Ghuba ya Meksiko, kilomita 800 hivi, bila kutua. Ndiyo maana Septemba, ukitembea kwenye vichaka vya kisiwa cha Galveston, pwani ya Texas, utawaona wakigombania maua kama walafi. Gramu tatu za kawaida zinaweza kufika karibu sita.

Kutoka katika mzizimo tuseme kuzinduka. Neno lipo, halihitaji kubuniwa. Ndege hutetemesha misuli ya kifuani mpaka joto lirudi, kazi ya dakika ishirini na zaidi, nayo hula akiba nyingi. Kumtikisa ili kumwamsha ni kumgharimu bure.

Hali ya wanyama wa nchi za baridi wanaokaa hivyo wiki kwa wiki tuiite mzizimo wa msimu. Wala istilahi hii si ya Marekani peke yake: kuzumburu, yule ndege wa mkia mrefu anayeharibu matunda bustanini, naye huzizima akikosa chakula usiku wa baridi.